Waraka wa Mbwa Asiye na Kichwa

"Idara ya Ulinzi wa Vitu Vyenye Thamani na Vitu Vinavyoweza Kuja Kuwa na Thamani inautangazia umma kwamba, kuanzia leo tarehe tano Julai, mbwa wa Mtakatifu Roko wa Lucignora, ambaye hana kichwa, yuko katika hali bora kabisa."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa kanisa kwa gundi nyingi kiasi kwamba mlango wenyewe, ambao ulikuwa na umri wa miaka mia tatu, ulibanduka rangi. Lilikuwa na mihuri mitatu. Chini ya mihuri kulikuwa na sahihi ya Dokta Ranieri Puntoni, Mkuu wa Idara, sahihi ndefu yenye mkia uliokwenda hadi ukingoni mwa karatasi, ukakosa pa kwenda, ukarudi. Ilikuwa siku ya Jumapili, siku ambayo Idara ile haijawahi kufungua hata dirisha.

Watu wa Lucignora walilisoma mara mbili, wakatazamana, wakaingia kanisani kuhakikisha. Kweli bwana, mbwa hakuwa na kichwa. Kichwa kilikuwa pembeni, juu ya mto mwekundu, ndani ya kisanduku cha kioo chenye kufuli, mkate bado uko mdomoni. Mtakatifu mwenyewe alisimama palepale na joho lake la kahawia na fimbo yake, kidole kikionyesha kidonda cha pajani, akimtazama mnyama aliyemletea mkate kwa miaka hamsini na sita mfululizo.

"Sasa huyu mzee atakula nini?" mke wa mwoka mikate aliuliza.

Tangazo halikusema.

Dokta Puntoni hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alitoka Pisa, na kwetu sisi watu wa milima ya Lucca, mahasimu wa Pisa tangu zamani, hilo si jambo dogo, lakini tulilimeza. Alikuwa mtu wa taratibu. Inasemekana mkewe alipomwomba talaka aliambiwa alete maombi kwa nakala nne, naye alipofika nakala ya tatu akaghairi, wakaendelea kuishi pamoja.

Mwaka huo, mwaka wa themanini na saba, Dokta alikuwa anakitaka kiti kimoja. Kiti chenyewe kilikuwa cha Mkurugenzi wa mkoa mzima, kule Firenze, chenye mgongo mrefu na dirisha la kuangalia mto. Alikitaka kiasi kwamba alikwisha kwenda kupima mapazia. Na Mkaguzi Mkuu kutoka Roma, Bi Clotilde Aversani, ndiye angeamua nani akikalie, na alikuwa amepanga kuja Lucignora tarehe kumi na sita Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Roko, aone jinsi Idara inavyotunza mali ya taifa. Basi Dokta alihitaji taarifa nzuri, na taarifa nzuri ilihitaji picha yake kwenye jalada.

Ndiyo maana Ijumaa ya tarehe tatu Julai alipanda mlimani peke yake na kamera.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu Lucignora. Sisi ni watu wa plasta. Babu zetu walizunguka dunia wakiwa na mbao vichwani, wakiuza watakatifu, kasuku na paka wa plasta mitaani. Na paka wetu weusi hatukuwapaka rangi. Unachukua mshumaa wa shahamu, unaupitisha chini ya plasta nyeupe, taratibu, moshi unapanda, masizi yanatua kidogo kidogo mpaka unapata weusi laini ambao brashi haiwezi kuutoa. Vanishi hatuweki, kwa sababu vanishi inaua ule ulaini. Kwa hiyo kitu kilichofukizwa hakiguswi. Mtoto wa Lucignora hufundishwa kuweka mikono nyuma kabla hajafundishwa ishara ya msalaba.

Mtakatifu Roko wetu amepakwa rangi, lakini mbwa wake amefukizwa. Alitengenezwa na Amedeo Togneri mwaka wa thelathini na moja, aliporudi kutoka Lyon akiwa na pafu moja, na tangu Amedeo afariki, kila tarehe mosi Julai binti yake Ersilia huwasha mshumaa na kumvisha mbwa koti jipya la masizi. Mwaka ule pia alifanya hivyo. Siku mbili baadaye akaja Dokta.

Alipoingia kanisani alimkuta Padri Artemio na akina mama wanne mbele ya sanamu, wote wamesimama wima, mikono nyuma. Dokta aliguswa. Hajawahi kupokewa hivyo hata Pisa.

"Asanteni, asanteni," aliwaambia. "Legezeni miili. Hakuna haja ya gwaride."

Walitazamana, wakaenda zao kula. Padri alimkaribisha Dokta nyumbani kwake, Dokta akala necci saba, zile chapati zetu za mlimani, zilizojaa jibini, Padri akalala, Dokta akarudi kanisani peke yake. Aliiweka kamera juu ya benchi, akaitega ipige picha yenyewe, akakimbia hadi pembeni ya mtakatifu, akavuta tumbo ndani na kuweka mkono wake wa kulia juu ya kichwa cha mbwa, kama anavyofanya mtu mwenye mbwa. Kisha, kwa kuwa kamera ilichelewa na necci zilikuwa saba, akaegemea.

Kamera ilitoa sauti yake. Mbwa naye akatoa yake.

Dokta alitazama chini. Mbwa alikuwa anamtazama kutoka sakafuni. Alitazama mkono wake, ulikuwa mweusi kuanzia ncha za vidole hadi kwenye kifundo. Kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, aliufuta kwa leso, akatoa daftari, akaandika: "Usafi wa kanisa: hafifu." Halafu akafungua kamera na kuianika filamu kwenye jua la Julai.

Akakaa kwenye benchi kufikiri. Kukarabati sanamu yoyote kulihitaji Fomu Namba Tisa, na Fomu Namba Tisa ilikuwa na mstari uliosema: "Kisababishi cha uharibifu, jina kamili na cheo." Aliujua vizuri mstari huo kwani aliuongeza yeye mwenyewe, miaka minane nyuma, ili kuwakomesha watunza makanisa wanaogonga malaika kwa ngazi. Bila jina hakuna ukarabati. Na jina lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limeketi kwenye benchi likitoka jasho.

Wengine wangekimbia. Wengine wangeenda kuungama, maana Padri alikuwa hatua hamsini tu. Lakini watu hawawi wakuu wa idara bure. Dokta alikumbuka kwamba makumbusho yote ya nchi yamejaa sanamu za kale zisizo na mikono, zisizo na pua, zisizo na vichwa, na hakuna anayeulizwa nani alivunja. Ule hauitwi uharibifu. Unaitwa historia, na historia haina Fomu Namba Tisa. Alishusha pumzi. Kufikia Jumapili waraka ulikuwa mlangoni.

Jumatatu asubuhi Ersilia Togneri alimfuata sakristia. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na moja, aproni yake nyeupe kwa plasta, mikono yake mikubwa kuliko ya Padri Artemio, ambaye alikuwa amesimama kando akijifanya anahesabu mishumaa. Kabla ya kuingia, Ersilia alikuwa amekaa mbele ya kisanduku cha kioo muda mrefu sana. Watu walidhani anasali.

"Dokta, shikamoo ya ofisi sina, nisamehe," alisema. "Nina plasta, nina pini ya shaba, nina saa moja. Nikimaliza, hata Mtakatifu hatajua mbwa wake aliumia."

"Hapo ndipo penye hatari, Bi Ersilia. Ukikiunganisha utakuwa umefuta historia."

"Historia gani? Alhamisi kichwa kilikuwepo!"

"Historia haipimwi kwa siku, mama. Inapimwa kwa kina."

"Na aliyekivunja?"

"Muda," alisema Dokta kwa sauti ya chini. "Ni muda tu, mama."

"Muda una mikono?"

Padri alikohoa, akaanza kuhesabu mishumaa upya.

"Dokta, nisikilize," Ersilia alisema. "Mtakatifu Roko hatoki kwenye maandamano ya sikukuu bila mbwa. Hajawahi. Wakati wa vita alitoka na mbwa. Kuna watu wameshakata tiketi kutoka Chicago kuja kumwona. Baba yangu alimfinyanga yule mbwa huku yeye mwenyewe anatema damu. Nitawaambia nini?"

"Waambie watamwona mbwa halisi, asiyeghushiwa na mtu."

Macho ya Ersilia yalishuka polepole hadi kwenye mkono wa kulia wa Dokta, kwenye kidole cha nne, kwenye pete nzito ya dhahabu yenye msalaba wa Pisa. Yakakaa hapo kidogo. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imelainika ajabu.

"Sawa. Mimi mwanamke wa plasta tu, shule niliishia la tatu. Nisaidie kuelewa huo waraka. Kifungu cha Kwanza kinasema kugusa hairuhusiwi. Na kufuta vumbi?"

"Hairuhusiwi."

"Na kama kuna vialama kwenye manyoya? Mikwaruzo, madoa?"

"Alama ndiyo roho ya kazi, Bi Ersilia!" Dokta alifurahi kupata mwanafunzi. "Kila alama ni ushahidi."

"Hata ya mtu aliyekuwa anapita tu?"

"Hasa ya mtu aliyekuwa anapita tu. Huyo hakujua kwamba anatazamwa. Huyo ndiye mkweli."

"Lo! Basi iandike, Dokta. Maana sisi huku juu kitu kisichoandikwa tunasahau. Siku ya usafi akina mama watakuja na vitambaa vyao, watafuta kila kitu, tuanze kulaumiana bure."

Dokta alikaa mezani, akachomoa kalamu. Kifungu cha Pili: "Alama zote zilizo juu ya sanamu zihifadhiwe zikiwa kamili, milele, kwenye orodha na kwenye sanamu yenyewe." Aliisoma kwa sauti. Ilimpendeza, akaisoma tena.

"Milele," Ersilia alisema. "Neno zuri. Na mwenye alama je? Masikini, ameacha alama yake halafu asitajwe popote? Hiyo haki kweli?"

"Atatajwa!" Dokta alikuwa amekwisha kupandwa na mori. Kifungu cha Tatu: "Mwenye alama akitambuliwa, jina lake kamili na cheo chake viandikwe kwenye kibao cha shaba, mbele ya sanamu, pamoja na maelezo ya alichokifanya."

Muhuri ulipigwa mara tatu, tena kwa nguvu.

"Na wewe mwenyewe ukibadili mawazo," Ersilia aliuliza, "unaweza kuufuta?"

"Waraka wangu? Hata mimi siwezi. Labda Roma."

"Aa. Sasa nimeelewa." Na Ersilia akaweka mikono yake nyuma, akatoka. Dokta alimsindikiza kwa macho, akajiambia kwamba heshima bado ipo vijijini.

Padri Artemio alimkimbilia uani. "Ersilia, hii ni dhambi."

"Ipi, Padri? Nimemuuliza maswali tu."

Lakini alipofika nyumbani alilia, tusifiche. Alilia kwa sababu ya baba yake, na kwa sababu hakuwa na hakika kama mpango wake ungefika mwisho kabla ya tarehe kumi na sita.

Wiki sita zilizofuata Idara ilifanya kazi kuliko wakati wowote. Kamba ilizungushwa. Mlinzi aliajiriwa kumlinda mbwa, na wa pili kukilinda kichwa, kwa kuwa vilikuwa vipengele viwili tofauti kwenye rejista. Dokta alihojiwa redioni, akaeleza kwamba mbwa asiye na kichwa anatutazama kwa undani zaidi. Meya wa bonde la pili, ambaye daraja lake lilisombwa na mafuriko, aliomba nalo litambuliwe kama historia, na likatambuliwa. Hadi leo watu wa huko wanavuka kwa miguu, maji yakiwa kiunoni, wakilisifu.

Kifungu cha Pili kilitaka orodha, kwa hiyo Idara ilimtuma mpimaji wake, Fiammetta Orsucci, mwanamke aliyetumikia miaka ishirini na nane na hajawahi kutabasamu saa za kazi, kwa kuwa kutabasamu hakumo kwenye majukumu yake. Alipima siku kumi na moja kwa rula na kioo cha kukuzia. Orodha yake ilifika mezani kwa Dokta ikiwa na kurasa arobaini. Dokta aliweka sahihi kila ukurasa bila kusoma hata mmoja, kama wafanyavyo wakubwa, akaagiza isomwe kwa sauti siku ya sikukuu mbele ya Mkaguzi Mkuu.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa hadi kwenye ngazi. Watu wa Chicago walikuwepo na suti zao, watu wa Lyon walikuwepo, na wote, hata waliokuwa wamesahau lugha ya nyumbani, walisimama mbele ya mbwa mikono nyuma. Bi Clotilde Aversani alikaa benchi la mbele, mwanamke mdogo mwenye mkoba wa ukili, amevua kiatu kimoja kwa siri. Dokta alihutubia dakika hamsini. Nje, bendi ilikuwa imeshachoka kungoja na Mtakatifu alikuwa hajatoka.

Kisha Fiammetta Orsucci akafungua orodha.

"Alama ya kwanza. Mkwaruzo, mguu wa nyuma, sentimita mbili. Alama ya pili. Kinyesi cha nzi, sikio la kushoto."

Dokta alianza kupiga makofi, na kinyesi cha nzi kikashangiliwa na kanisa zima. Ya tatu ilikuwa tone la nta, ya nne hadi ya sita nzi tena.

"Alama ya saba," Fiammetta aliendelea. "Kiganja cha mkono wa kulia. Mtu mzima, mwanamume, mzito. Vidole vitano vyote vinaonekana. Kidole cha nne kimevaa pete yenye nembo."

Hakuna aliyepiga makofi. Dokta alikigeukia kisanduku. Kwa wiki sita alikuwa amekitazama kichwa kile akaona mbwa. Sasa aliona mkono. Ulikuwa wazi kabisa juu ya masizi, mnene, umetulia, na shati lilimganda mgongoni.

"Ya kale!" alisema haraka. "Ya fundi mwenyewe, bila shaka. Ni ugunduzi mkubwa."

"Haiwezekani," alisema Fiammetta, bila kuinua macho. "Masizi ni ya tarehe mosi Julai. Alama iko juu ya masizi. Tena nusu ya kiganja iko kichwani, nusu iko shingoni. Kwa hiyo kichwa kilikuwa mahali pake mkono ulipowekwa, na hakikuwa mahali pake mkono ulipoondolewa. Nembo ya pete: msalaba wa Pisa. Alama ya nane. Kinyesi cha nzi."

"Hebu subiri na huyo nzi," alisema Bi Aversani, akivaa kiatu chake.

Macho ya Lucignora yote, na ya Chicago, na ya Lyon, yalikwenda kwenye mkono mmoja. Dokta Puntoni aliweka mikono yake nyuma. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Ifutwe!" alisema. "Huo ni uchafu, si alama! Nilisema tangu mwanzo kanisa hili ni chafu, siku ile lilinichafua mko..."

Akajiziba mdomo. Alikuwa amechelewa kwa neno moja.

"Kifungu cha Pili kinasemaje?" Bi Aversani aliuliza.

Padri Artemio alikijua kwa moyo, akakikariri kama Nasadiki, macho yamefumbwa: "Alama zote zilizo juu ya sanamu zihifadhiwe zikiwa kamili, milele."

"Zikiwa kamili," alirudia Bi Aversani. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na mtu asiyemjua angedhani amekasirishwa kweli. "Dokta, alama hii si kamili. Nusu yake iko ndani ya kisanduku na nusu iko nje. Idara inavunja waraka wake yenyewe, tena mbele yangu. Kuna mtu hapa anayeweza kuiunganisha?"

"Bakuli liko nyuma ya altare," alisema Ersilia. "Maji yamo. Nilikuwa nangoja tu historia iive."

Ufunguo wa kisanduku ulikuwa mfukoni mwa Dokta, ikabidi afungue mwenyewe, na kufuli ilimpa tabu. Ersilia alitoboa tundu dogo, akaingiza pini ya shaba, akakoroga plasta, akakishika kichwa kwa kuubana mkate tu, asiguse masizi hata kwa ukucha. Alisimama hivyo dakika ishirini, mikono haitetemeki, mwanamke wa miaka sabini na moja. Kanisa zima lilipumua naye. Alipoachia, kichwa kilibaki.

Saa kumi na moja jioni Mtakatifu Roko alitoka na mbwa wake na mkate wake, bendi ikapiga kama imechanganyikiwa, na Ersilia akatembea nyuma yao akilia bila kujificha, plasta ikimkaukia mikononi. Dokta hakuandamana. Alibaki sakristia na Fiammetta Orsucci, ambaye alikuwa amemletea Fomu Namba Tisa, kwani ukarabati ulikuwa umeshafanyika na mstari ule ulikuwa wazi. Alimkopesha na kalamu.

Bi Aversani aliandika kwenye ripoti yake kwamba hawezi kupatikana mtu mwingine wa kujaza nafasi ya Dokta Puntoni, hivyo abaki nayo hadi atakapostaafu. Kile kiti cha Firenze kilikwenda kwa mtu mwingine. Mapazia, tunasikia, yalitoshea vizuri sana. Kibao cha shaba kipo hadi leo mbele ya mbwa, kimeandikwa jina, cheo, tarehe na kitendo, na wageni husimama kukisoma muda mrefu kuliko wanavyomtazama mtakatifu.

Ila masizi huchakaa, na kila tarehe mosi Julai lazima mbwa afukizwe upya. Akifukizwa, alama ya saba inapotea. Kifungu cha Pili kinasema milele. Roma iliombwa ufafanuzi, ikajibu kwa barua yenye mihuri mitatu: alama irudishwe kila mwaka na mwenyewe, mahali palepale, mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo kila tarehe mosi Julai Dokta Ranieri Puntoni hupanda mlima kutoka Pisa. Hutia sahihi kwenye kitabu cha wageni, huvua koti, hukunja mkono wa shati. Kijiji kizima huwa kimesimama, mikono nyuma. Ersilia huupitisha mshumaa taratibu kichwani na shingoni, hata sasa ambapo miguu inamsumbua na inabidi awekewe kiti, kisha huuzima na kusogea pembeni.

"Haya, Dokta. Weka mkono."

Dokta huweka.

"Hapohapo. Usiegemee."